Mchunga umejaa shambani: niuangamize au nimwachie mama mkwe?

Msomaji wa Muheza, mkoani Tanga, ameandika hivi: "Nina ekari mbili nilizozinunua zikiwa pori. Nataka kupanda mahindi na kunde, lakini shamba limejaa mchunga. Msimu uliopita nilikodi trekta, likalima vizuri, udongo ukabaki mwekundu mtupu. Mvua iliponyesha mchunga ukaota maradufu. Mama mkwe wangu huuchuma kila wiki na hataki niuguse. Anasema ni mboga na pia ni dawa ya sukari, na yeye mwenyewe ana sukari. Dukani nimeambiwa ninunue dawa ya kuua majani, nipulize mara moja tu niumalize. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, mama mkwe wako msikilize kabisa kwenye mboga. Kwenye dawa msikilize kwa adabu, lakini usimwachie aamue peke yake. Mwenye duka mweke mwisho. Ama trekta, hilo ndilo lililokuzidishia mchunga, na nitaanza nalo kwa sababu ukielewa lilifanya nini utaelewa karibu kila kitu kuhusu mmea huu.

Mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, si gugu la msimu mmoja. Magugu mengi unayopalilia, kama kishona nguo, huota, huchanua, huangusha mbegu na kufa. Ukiyawahi kabla ya mbegu umeyaweza. Mchunga huishi miaka. Unachokiona juu, yale majani na lile shina lenye uwazi ndani, ni sehemu yake ndogo. Maisha yake yapo chini: una mashina meupe, membamba, yanayotambaa ndani ya udongo kila upande, yenye vifundo, na kila kifundo kina jicho linaloweza kuchipua. Humo ndimo unamoweka akiba ya chakula. Kiangazi kikikausha majani yote na ukadhani umekufa, akiba ile inasubiri mvua.

Sasa fikiria diski za trekta zikipita humo. Kila shina la chini limekatwa vipande, na kila kipande chenye jicho kimegeuka pando. Halafu haro, ile zana ya kuvunja na kusawazisha udongo, ikaja kuvisambaza vipande hivyo shamba zima, hadi kwenye kona ambazo hazikuwa na mchunga. Ulilipa fedha kupandiwa mchunga kwa mashine, tena kwenye udongo uliolainishwa vizuri. Jembe la mkono la kukwatua juu juu nalo hukata vipande, ila halivisambazi mbali.

Kabla ya kwenda kwenye dawa ya tatizo hilo, hakikisha kwanza kwamba unaouona ni mchunga kweli. Nasema hivi kwa sababu jina hili huzunguka: wengine huuita mchunga hata ule ndugu yake wa msimu mmoja, Sonchus oleraceus, wenye majani laini yanayolikumbatia shina kwa masikio yake. Huo nao ni mboga, kwa hiyo kosa hilo halidhuru mtu, lakini hauna mashina ya kutambaa na palizi ya kawaida inautosha. Mchunga wako huanza na majani yaliyosongamana chini karibu na udongo, marefu, yenye ncha zilizochomoza pembeni, kisha shina hupanda wima na kwenye udongo mzuri hufika kifuani kwa mtu mzima. Vunja jani lolote, utatoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni ya manjano, madogo, mengi, yamejipanga kwenye matawi membamba juu ya shina, na yakikomaa huacha vishada vya nywele nyeupe zinazobebwa na upepo pamoja na mbegu.

Lile "ua" moja la mchunga, ukilikaribia jichoni, si ua moja. Ni mkusanyiko wa vijiua vingi, kila kijiua na utepe wake mmoja wa manjano wenye meno matano kwenye ncha. Hii ndiyo alama ya ukoo wa alizeti, na tawi lake hasa ni lile la letisi tunazokula kwenye kachumbari. Ukoo wenyewe ni mkubwa mno, una zaidi ya aina elfu ishirini za mimea duniani. Pareto inayolimwa nyanda za juu kusini na kule Kenya imo. Gugu karoti linalowasumbua wafugaji wa Arusha limo pia. Kwa hiyo mtu akikuambia mmea fulani ni salama kwa kuwa ni ndugu wa letisi, usikubali. Ndani ya ukoo huo huo wamo wenye sumu ya ini, na miongoni mwao ni vile vijimea vya maua ya zambarau au ya rangi ya chungwa vinavyoota kando ya mashamba, jenasi ya Emilia, ambavyo navyo watu huvichuma kama mboga. Tofauti yake na mchunga ni kwamba havitoi maziwa.

Na maziwa peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Minyaa na jamaa zake nao wana utomvu mweupe, na huo huchoma ngozi na kuumiza macho. Kuna pia gugu la Meksiko lenye majani ya miiba na maua makubwa ya manjano, Argemone mexicana, ambalo utomvu wake ni wa manjano. Hilo ni sumu, mbegu zake hasa. Kanuni ninayowapa vijana wanaojifunza kuchuma ni kuutambua kwanza mmea uliokwisha kuchanua, kwa alama tatu kwa pamoja: utomvu mweupe, vichwa vidogo vya maua ya manjano vya namna niliyoieleza, na vishada vyeupe vya mbegu. Ukikosa moja, acha. Akina mama waliouchuma tangu utotoni hawahitaji kanuni yangu, wao huujua kwa jani changa tu. Mwombe mama mkwe akutembeze shambani asubuhi moja, utajifunza mengi kuliko nitakayoyaandika hapa.

Turudi shambani. Kwa ekari mbili zenye mchunga uliokomaa, usitarajie kuumaliza kwa msimu mmoja, na ningekushauri usilenge kuumaliza kabisa. Lenga kuudhoofisha mahali pa mahindi na kuubakiza mahali pamoja unapopataka.

Wakati mzuri wa kuanza ni kiangazi cha Januari na Februari, kabla ya masika. Chimbua kwa jembe uma badala ya jembe la kawaida, maana meno ya uma huyainua mashina ya chini yakiwa mazima badala ya kuyakata. Yakusanye juu, yaanikwe juani mpaka yakauke na kukatika kama vijiti. Usiyatupe kwenye shimo la mboji yakiwa mabichi, yatakuotea humo. Sehemu zilizo mbaya zaidi ndizo za kuanzia. Kazi hii ni ngumu, sitakudanganya, na kwa ekari nzima utahitaji watu.

Mvua zikianza, vipande vilivyobaki vitachipua. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kungoja hadi mchunga uwe mkubwa ndipo wapalilie. Chipukizi jipya hutumia akiba ya chini kujenga majani yake ya kwanza. Majani yakishakuwa kadhaa na kupata jua, mtiririko hugeuka, na sasa yanarudisha chakula chini. Ukikata wakati bado yanakula akiba, kila mkato unaupunguzia mmea nguvu. Ukikata baada ya hapo umechelewa, umeukata mmea ambao tayari umejaza ghala. Kwa hiyo palizi za mwanzo ziwe za karibu karibu, mimea ikiwa midogo. Na hebu angalia vizuri: hicho ndicho anachokifanya mama mkwe wako kila wiki. Kwa kuchuma majani machanga bila kukosa anaunyima mchunga chakula. Ungempa wenzake wawili watatu wa kuchuma nao na kuwaonyesha ni wapi pa kuanzia, ungepata palizi na mboga kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni kivuli. Mchunga hupenda mahali wazi, penye jua, hasa ardhi iliyofunguliwa kwa jembe. Kunde ulizozitaja zitakusaidia ukichagua aina zinazotambaa na kuziba udongo mapema. Fiwi na viazi vitamu huziba vizuri zaidi. Kama unaweza kuvumilia, kile kipande kilichoathirika sana kipandwe viazi vitamu au fiwi kwa msimu mzima, mahindi yaende kwingine. Matandazo mazito ya majani makavu katikati ya mistari nayo hupunguza machipukizi. Sungura wa kufuga na mbuzi wanaupenda sana, kwa hiyo yanayozidi jikoni yana wenyewe.

Kuhusu ile dawa ya dukani. Huenda ulichoonyeshwa ni glaifoseti, maana ndiyo inayouzwa sana. Kweli inaweza kuua mmea wa namna hii, kwa sababu hunyonywa na majani ikashuka hadi chini. Lakini haifanyi hivyo wakati wote. Ikipulizwa kwenye vichipukizi vidogo, majani hayatoshi kuinyonya na chakula bado kinapanda juu, basi sehemu ya juu hufa na ya chini hubaki. Hufanya kazi vizuri mmea ukiwa umekua, unakaribia kuchanua, unapopeleka chakula chini, na baada ya kupuliza shamba liachwe wiki mbili hivi bila kulimwa ili dawa ishuke. Hata hapo "mara moja tu" ni maneno ya biashara. Na mahindi ya kawaida yakishaota huwezi kuipuliza juu yake, itayaua.

Sababu yangu kubwa ya kukuzuia si hiyo, hata hivyo. Ni kwamba shamba lako lina mchumaji. Mtu anayeingia humo kila wiki na ungo, pengine na wajukuu, hatajua ni kipande gani kilipulizwa jana, kwa sababu majani yaliyopulizwa hubaki ya kijani siku kadhaa kabla ya kunyauka. Ukiamua lazima utumie, nunua chupa yenye lebo ya usajili wa TPHPA, yaani mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, soma kipimo na muda ulioandikwa, zungushia kamba kile kipande, na mwambie kila mtu nyumbani kwa mdomo wako. Kwa hali uliyonieleza, mimi nisingeitumia.

Sasa mboga. Nimewasikia vijana wakisema mchunga ni chakula cha dhiki, cha wakati ambapo mchicha hakuna, na maneno hayo yananiuma, kwa sababu pwani nzima hii umekuwa mboga ya heshima tangu wazee wa wazee wetu. Unguja na Pemba unapikwa kwa nazi. Kwa Mijikenda wa Kilifi na Kwale, wanaouita mutsunga, ni miongoni mwa mboga za kwanza mtoto anazotumwa kuchuma. Mombasa unafika sokoni kwa mafungu na hununuliwa na watu wa mjini wenye uwezo wa kununua chochote. Kenya kwa jumla imefanya kazi nzuri kuzirudishia mboga za asili hadhi yake: mwaka 2007 ilianza mpango wa kuorodhesha vyakula vya asili pamoja na jamii zenyewe na watoto wa shule, na mwaka 2021 UNESCO ikauandikisha mpango huo kuwa mfano mwema wa kulinda urithi. Ningependa kuona Tanga nasi tukifanya hivyo.

Uchungu wake ndio unaowatisha wasiouzoea. Unatokana na kemikali ambazo mimea ya tawi hili la letisi hujitengenezea kujikinga na wadudu na wanyama, na nyingi zimo kwenye yale maziwa. Huongezeka kadiri mmea unavyokomaa. Kwa hiyo chuma majani ya chini yaliyo machanga, kabla shina halijapanda, na bora baada ya mvua. Mmea ukishachanua waachie sungura.

Jikoni, namna ninayoipenda ni ya Kipemba. Majani huoshwa, hukatwa membamba, huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi bila kufunika, kisha maji yale humwagwa na mboga kukamuliwa kidogo. Anayetaka uchungu upungue zaidi huchemsha mara ya pili, ila ajue kila maji yanayomwagwa yanaondoka na sehemu ya vitamini. Kisha mboga hurudishwa sufuriani pamoja na kitunguu, nyanya kidogo na tui la pili, yaani lile jepesi. Ikishakauka nusu ndipo tui la kwanza huingia, moto ukiwa mdogo, na mwiko ukizunguka usikome, maana ukiliacha lichemke bila kukoroga litakatika. Ndimu hukamuliwa mwisho, mezani.

Hakuna kilichowekwa humo bure. Chumvi huufifisha uchungu ulimini hata kama kemikali yenyewe bado ipo, na mafuta ya tui hufanya vivyo hivyo. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayouwezesha mwili kufyonza ile rangi ya majani ambayo huigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo mboga ya majani isiyo na mafuta kabisa hukupa kidogo kuliko ilivyonavyo. Na ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye majani, ambayo kwa kawaida hufyonzwa kwa shida, na huwa kwa shida zaidi ukishushia chai ya rangi papo hapo. Asiyeuzoea auchanganye na majani ya maboga au mchicha, sehemu moja kwa mbili, ugali pembeni na papa mkavu au dagaa. Watoto huupokea hivyo.

Tumebakiza dawa, na hapa nakuomba uniwie radhi kama nitamgusa mama mkwe wako.

Waganga wa pwani huutumia mchunga kwa mambo mengi, homa na maumivu ya tumbo yakiwemo, na mtu wa sayansi anayezicheka habari hizo anajinyima elimu. Dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali, ambayo Tanzania iliifanya chaguo la kwanza kwa malaria isiyo kali mwaka 2006, kiini chake kilitoka kwenye mmea wa ukoo huu huu, Artemisia annua, ambao Wachina waliutumia kwa homa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walikitenga kiini hicho mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini tazama safari iliyopitiwa: kitu kimoja kilitengwa, kikapimwa, kikajulikana ni kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru, kikajaribiwa kwa wagonjwa. Mchunga haujafika huko. Watafiti, wakiwemo wa Kenya, wameyajaribu maji ya majani yake maabara na kwa panya, wakaona dalili za kutia moyo. Panya na chupa za maabara haziwezi kukuambia mama wa miaka sitini na kitu anywe vikombe vingapi.

Kwa sukari, kitu ninachokiogopa ni viwili. Cha kwanza ni kuacha vidonge kwa kuamini mchunga umeshika kazi. Sukari hupanda kimya, mtu akijiona mzima, huku macho, figo na mishipa ya miguu vikiharibika. Cha pili ni kinyume chake: kunywa maji mazito yaliyochemshwa ya mchunga pamoja na vidonge, hasa glibenklamidi, au sindano ya insulini. Kama mchunga kweli unashusha sukari, vyote kwa pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi, akatoka jasho baridi, akatetemeka, akapoteza fahamu. Hali hiyo huua haraka kuliko sukari iliyopanda kidogo.

Kwa hiyo ale mchunga kama mboga, sahani ya kawaida, hata kila siku akipenda. Mboga ya majani badala ya rundo la wali ni jambo jema kwa mwenye sukari, na huenda hapo ndipo imani ya wazee ilipopata mizizi, maana siku ya mchunga ni siku ya kula kwa kiasi. Tui tu lipunguzwe, kama daktari amemwambia aangalie mafuta. Yale maji ya kuchemshia, machungu, ambayo wengine huyahifadhi kwenye chupa na kunywa asubuhi, ningeomba asiyanywe. Akiwa ameshaanza, asifichwe wala asikaripiwe. Aende nawe kliniki, amwambie daktari anachokunywa na kiasi gani, apimwe.

Na ili amani ibaki nyumbani, mtengee kitalu. Chagua mahali karibu na jiko, mbali na mahindi, hatua nne kwa tatu zinatosha nyumba moja. Vipande vya mashina ya chini utakavyovichimbua Januari, vile vinene vyenye macho, weka vichache kivulini vikiwa na unyevu badala ya kuvianika vyote, uvipande kitaluni mvua ya kwanza ikianguka, vikilala ndani ya udongo. Zungushia kitalu mtaro wa kina cha mkono na uuchunguze kila mwezi, kwa sababu mashina yatajaribu kuvuka, na yakivuka utayaona ukutani mwa mtaro na kuyakata. Kata vichwa vya maua kabla ya kugeuka vyeupe, la sivyo upepo wa kusi utarudisha mbegu kwenye mahindi yako. Samadi kidogo, maji wakati wa kiangazi, na kitalu hicho kitampa majani machanga hata miezi ambayo shambani umekauka. Ukizidi, mafungu yanayobaki yapelekwe sokoni asubuhi yakiwa bado na umande. Jioni huwa yamelegea na bei yake imeshuka.